Barua ya Nne ya Bi Hana

Bi Hamdiya hapigi hodi. Ukimlaumu, atakujibu kuwa hodi hupigwa na wageni, na mwanawe kamwoa mwanangu, basi ugeni uko wapi? Ndivyo alivyotuingilia asubuhi ile ya mwaka sitini na tisa, kabeba bakuli la halwa kiganjani, anahema kwa ile njia ya mlimani ya kutoka Matrah kuja Maskati. Kaja kumtazama Sayyida, mwanangu wa pekee, mke wa Yaarub wake, aliyekuwa kwangu anamaliza arubaini. Laiti siku ile moja tu angepiga hodi, Bi Rahila angewahi kukunja mkeka.

Bi Rahila ni mama yangu mkubwa, dada wa mama aliyenizaa, na wakati huo alikuwa keshapita miaka thamanini. Tulipotoka Unguja mwaka sitini na nne, wenzetu melini walikumbatia bangili na mikufu yao, yeye alikumbatia kisanduku cha mkangazi chenye barua nne za kale. Nilimgombeza mbele za watu. "Mama mkubwa, karatasi hizo utazila?" Akanijibu, "Na mikufu italiwa?" Basi nikamwachia, maana ukibishana na Bi Rahila utazeeka wewe, yeye keshazeeka.

Kila mwaka joto likivunjika huzitandaza barua uani, juu ya mkeka, akazinyunyizia karafuu zisiingie wadudu. Barua tatu hutoka zikapigwa upepo. Ya nne haitoki. Ilikuwa imeshonwa ndani ya kipande cha merikani tangu enzi za mabibi zake, na sote tulijua kuwa haifunguliwi. Lakini panya hakuwa na habari ya mwiko huo. Mwaka ule kitambaa kilikuwa kimetafunwa upande mzima, na Bi Rahila alipokinyanyua, ikamwangukia mapajani karatasi iliyokunjwa, na pamoja na karatasi, kishada cha nywele.

Nywele za mtu, jamani. Rangi ya asali, laini, zimefungwa uzi mweusi katikati.

Hapo ndipo Bi Hamdiya alipotokea mlangoni na bakuli lake.

"Audhu billahi!" Bakuli likaenda chini, halwa ikatapakaa. "Nini hicho? Bi Muhsina, nini hicho ndani ya nyumba yenu?"

"Barua tu za zamani," nikasema. "Hebu ingia, pumzika, n'kupe kahawa."

"Barua gani ina nywele?"

Sasa mjue, Bi Hamdiya ni mtu wa Wete. Aliolewa na mtu wa Quriyat, akafiwa, akabaki Matrah na mwanawe, lakini Pemba haijamtoka, na Mpemba hafundishwi uchawi ni nini. Kwetu nywele na kucha huzikwa. Hata kitana hukiachi na nywele zako, mtu asije akazipata akakuchezea. Basi nywele za usiyemjua, zimefungwa uzi mweusi, zimefichwa ndani ya karatasi, karatasi imeshonewa ndani ya kitambaa! Hata mtoto angekwambia kuwa hiyo ni kazi ya mtu. Na karatasi yenyewe ilikuwa imefunguka kidogo, Bi Hamdiya akaichungulia kwa mbali. Maandishi yamepita huku, na juu yake maandishi mengine yamekatiza huku, mistari juu ya mistari, miraba miraba, kama talasimu.

"Wajukuu zangu wawili," akasema. "Wawili nimewazika. Kumbe kitu chenyewe kiko humu."

Kweli, wawili. Wa mwanzo aliishi kutoka alfajiri mpaka adhuhuri. Wa pili, ambaye Sayyida alikuwa akimaliza arubaini yake, alitoka kimya. Na mwanangu hakulia, si kwa huyu wala kwa yule. Wanawake wa mtaani waliokuja kutupa pole walimwambia maneno yale yale: usilie mwanangu, kulia ni kumkasirikia Mola, utapata mwingine inshallah. Naye akijibu "inshallah" huku anatazama ukuta. Nilikuwa nikimpelekea uji, nautoa umeganda.

Bi Hamdiya hakuketi. "Leo Jumanne," akasema. "Ijumaa n'takuja na Yaarub. Nikikuta kitu hiki kimeteketezwa, tutamchukua mkewe na mambo yamekwisha. Nikikikuta, wallahi simrudishi mwanangu kwenye shari. Yuko binti wa shemeji yangu kule Quriyat, keshatimia, watu wake wanangoja neno langu tu."

Akatoka. Halwa nikaizoa mwenyewe, na ilikuwa halwa nzuri, ya zafarani tupu. Hasira zilinipanda. Lakini nitasema haki: hakuwa akitutisha. Aliogopa. Na Yaarub ni kijana mwema, dereva wa watu wa mafuta kule Azaiba, anampenda mkewe, lakini mbele ya mama yake ni maji ya mtungini, hukaa palipotiwa.

Nna haja ya kukuelezeni barua hizi, la sivyo mtatudhania wendawazimu.

Bibi yake bibi yake Bi Rahila akiitwa Masouda, na akikaa humu humu Maskati, enzi za Sayyid Said, merikebu za Wamarekani zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza kuja kununua tende na ngozi. Mwaka mmoja nahodha wao mmoja kaja na mkewe. Jina lake Hana, na kwetu kwa vizazi vyote ni Bi Hana. Akashikwa na homa, na merikebuni hana wa kumtazama ila mabaharia. Mume wa Masouda, aliyekuwa akiwauzia tende, akamchukua nyumbani. Masouda ndiye aliyemuuguza. Alimlisha kwa kijiko, alimshika kichwa akitapika, alimpepea usiku kucha. Lugha hawakuwa nayo, walizungumza kwa mikono na kwa kucheka. Alipopona walilia wote wawili, na Bi Hana akarudi kwao, mji unaoitwa Salem, ng'ambo ya ile bahari nyingine, Atlantiki.

Kisha barua zikaanza. Barua ilivuka Atlantiki, ikazunguka ncha ya Afrika, ikapanda mpaka kwetu, na mpaka ifike aliyekuwa mgonjwa kapona na aliyekuwa mwali kazaa. Karani wa Kibaniani aliyejua Kiingereza akimsomea Masouda, akiandika maana yake kwa Kiarabu nyuma ya karatasi, na majibu yakiandikwa na karani huyo huyo. Kwa hiyo tatu za mwanzo tunazijua kwa moyo. Katika ya kwanza Bi Hana anaeleza theluji, na Masouda alidhani karani kalewa. Katika ya pili anasema amejaribu kupika halwa aliyoila Maskati, akawakaribisha wakwe na kasisi wao, halwa ikashika kama gundi na jino la kasisi likabaki ndani yake. Hiyo Bi Rahila akiisoma hucheka mpaka akapaliwa. Katika ya tatu kazaa mtoto wa kike, Lidia, na mtoto kaanza kusema na anauliza, kwa Masouda kuna paka?

Ya nne ilimkuta Masouda Unguja, walikokwisha hamia. Karani karudi kwao Kachi, Uhindini, mume yuko mrima kwa biashara. Masouda kaifungua mwenyewe kwa furaha, nywele zikamwangukia. Akaitiwa mwalimu mmoja wa mtaani. Mwalimu akaitazama ile mistari inavyokatizana, akasema: hili talasimu, rafiki yako kakugeuka. Usilichome, likichomwa litatoka likutane nawe. Usilitupe. Lishone, lisomewe, liwekwe. Masouda akafanya alivyoambiwa, na hakuandika tena maisha yake. Nasi tukarithi kisanduku pamoja na neno lake: rafiki wa mbali usimwamini, hujui moyo wake utageuka lini.

Basi mnaona tulivyobanwa. Bi Hamdiya anasema choma, la sivyo mwanao kaachika. Bi Rahila anasema ukichoma unamwua Sayyida kwa mkono wako. Wakipigana mafahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe ni mwanangu.

Jumatano nzima nilimbembeleza mama mkubwa. Alhamisi ubembelezi ukaniisha. Nilikuwa nimewasha seredani nipike kahawa, makaa yamekolea mekundu, nikamwona Bi Rahila ameketi na kile kifurushi kilichotafunwa anatafuta sindano akishone upya. Akishone! Nikamnyang'anya.

"Utanisamehe, mama mkubwa. Mie siwezi kumpoteza mwanangu kwa ajili ya nywele za Mmarekani."

"Muhsina, amana hiyo!"

"Amana ya nani? Ya aliyeturoga?"

Akanyanyuka, na fimbo yake, akasimama baina yangu na seredani, kibibi kifupi namna ile. "Pita basi," akasema. "Nitupe na mimi humo."

Mimi nalia, yeye analia, na katikati ya kelele zile nikamwona Sayyida kasimama mlangoni mwa chumba chake. Hakuwahi kutoka bila ya kuitwa tangu alipokuja.

"Mama, nipe niione."

"Usiiguse! Wewe mzazi, mwili wako bado mbichi, usiiguse kabisa!"

"Mzazi wa nani, Mama?"

Nikampa.

Sayyida alisoma skuli Unguja mpaka alipofika miaka kumi na tano, tukaondoka. Kiingereza kilikuwa somo lake. Maskati wakati ule skuli ya wasichana haikuwapo, basi kile Kiingereza akakiweka kama mtu anavyoweka nguo za sikukuu bila ya kujua sikukuu lini. Akaipeleka karatasi kwenye mwanga. Akaitazama muda. Akaigeuza ubavu, akaitazama tena. Akairudisha.

"Mama, hii si talasimu."

"Umejuaje?"

"Ni maneno. Kaandika karatasi ikamjaa, kisha kaigeuza hivi, akaandika tena juu yake. Tazama. Ukisoma huku, usiyafuate yanayokatiza. Ukimaliza, unaigeuza, unasoma huku." Akapitisha kidole. "Hapa pameandikwa Masouda. Na hapa pia, Masouda."

Bi Rahila akaketi chini pale pale penye majivu.

Siku ile Sayyida aliketi na karatasi ile tangu asubuhi mpaka magharibi. Wino ulikuwa umekwajuka, na mwandiko wa watu wa kale si wa kitabuni. Zile nywele kaziweka kandoni mwake juu ya leso safi. Nilipomwuliza inasema nini akaniambia, "Kesho, Mama. Akija Mama Hamdiya n'takusomeeni nyote." Nikambana, nikamkemea, wapi! Ukaidi huo kautoa kwa baba yake, Mungu amrehemu, mie kwetu hatuna. Lakini usiku aliniomba uji, akaunywa wote.

Ijumaa baada ya sala wakaja. Na siku hiyo Bi Hamdiya akapiga hodi. Nikajua kaja kama mtu baki. Aliingia Yaarub nyuma yake, macho chini. Bi Hamdiya akaiona barua juu ya mkeka, na nywele kando yake, akageuka pale pale.

"Yaarub, twende zetu."

"Mama, kaa," Sayyida akasema. "Nakuomba. N'kusomee kwanza. Nikimaliza, ukiniambia niichome, n'taichoma kwa mkono wangu mwenyewe, mbele yako."

Sijui alikaa kwa sababu gani. Labda kwa kuwa mkaza mwanawe hajawahi kumwomba kitu. Akakaa ukingoni mwa mkeka, kama anayekalia miba. Sayyida akaanza kusoma, macho yako kwenye Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili, polepole, anasimama, anageuza karatasi, anaendelea.

"Masouda mpenzi wangu. Nisamehe kwa kukatiza mistari. Kuna nahodha aliyekubali kunichukulia barua, lakini kasema karatasi moja tu, nami nna mengi. Kwa hiyo nitaandika juu ya niliyoyaandika, na karani wako atanilaani.

"Lidia amefariki. Ni ugonjwa wa koo, uliingia mtaani kwetu wakati wa baridi na ukapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na miaka mitano. Siku ya mwisho hakuweza kusema, akawa ananishika uso.

"Watu wote hapa wananiambia nisilie, Mungu atanipa mwingine. Nami naitikia amina. Lakini Masouda, simtaki mwingine. Namtaka Lidia. Neno hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa, watasema nnagombana na Mungu. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali, na kwa sababu ulinishika kichwa nikitapika wala hukuona kinyaa."

Yaarub alinyanyuka, akaketi tena. Mie nilikuwa natazama mkeka, sikuweza kumtazama mwanangu.

"Kwetu tukifiwa huweka nywele za maiti, ndizo kumbukumbu yetu. Nilikata kishada kimoja nikakigawa. Nusu nnayo mimi, nusu nakuletea wewe. Kila merikebu ikitweka, Lidia akiniuliza kama ndiyo inayokwenda kwa Masouda, nami nikimwahidi kuwa akikua n'tamleta. Sikutaka niwe nimemdanganya. Sijui desturi yenu. Ikiwa nyinyi hamuweki nywele, basi zifanyie vile mnavyozifanyia za watoto wenu.

"Niandikie neno moja tu. Niambie imefika."

Basi. Ikaisha hapo, na jina lake.

Bi Rahila alikuwa akilia bila ya kujifuta. "Na sisi tukamshona," akawa anasema. "Mtoto wa watu, tukamshona kama jini." Mie nilikuwa nimechemka. Nilimlaani yule mwalimu aliyeona mistari akasema talasimu, badala ya kusema sijui. Maiti halaaniwi, astaghfirullah, lakini nilimlaani. Neno moja mama wa watu kaliomba! Alikaa pale Salem, kila merikebu ikirudi anakwenda kuuliza, anaambiwa hakuna. Akafa hajui kama mwanawe kafika.

Bi Hamdiya alikuwa kamkazia macho Sayyida. Kisha akasema, "Soma tena."

"Yote?"

"Pale aliposema hamtaki mwingine."

Sayyida akasoma tena pale. Alipofika mwisho wa maneno yale aliiweka karatasi chini, akamtazama mama mkwe usoni.

"Mama, na mie simtaki mwingine. Nawataka wangu."

Nikaziba mdomo wangu kwa leso. Kumwambia mkwe maneno hayo! Mkwe anayengoja mjukuu! Nikasema haya, ndiyo imekwisha, Quriyat wapige vigelegele. Yaarub alikuwa kamshika mkewe mkono mbele yetu sote, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya.

Bi Hamdiya akazitazama zile nywele juu ya leso.

"Miaka mitano," akasema mwisho. "Hajabaleghe."

"Baba yake nasara," nikasema, nikijaribu kumfuata anakokwenda.

"Ah, Bi Muhsina! Kila mtoto huzaliwa katika fitra, safi alivyoumbwa. Miaka mitano, dini gani ya kumzuia huyo?" Akawa kama anagombana na mtu asiyekuwapo. "Na za watoto wetu tunazifanyaje? Siku ya saba zinanyolewa, zinazikwa. Mama yake kasema mwenyewe, zifanyieni kama za watoto wenu. Kasema au hakusema? Basi mtoto kaja mgeni, miaka mia na zaidi, na nyie mmemlaza na panya."

Akanyoosha mkono, akazichukua zile nywele kutoka kwenye leso. Yeye mwenyewe, aliyemwaga halwa kwa kuziona tu. Akazifumba kiganjani.

"Yaarub, washa gari."

"Mama, wapi?"

"Kwa watoto."

"Mama, wanawake makaburini, watu watasema..."

"Watu wana midomo, waache waitumie. Washa gari."

Tukapanda sote ile Landrova ya kazini kwake. Bi Rahila tukamkalisha mbele, na tangu ashuke melini alikuwa hajatoka nje ya lango la Maskati. Makaburi yako nje ya Matrah, penye bonde la mawe chini ya majabali, na kwa sababu ya jua la alasiri hapakuwa na mtu. Yaarub alikwenda moja kwa moja. Yale makaburi mawili madogo yalikuwa ubavu kwa ubavu, mafupi kuliko mkono wangu. Sayyida alikuwa hajayaona. Mzazi haendi makaburini, na arubaini ya kwanza ilipokwisha hakuna aliyemwuliza kama anataka.

Yaarub alichimba kwa kipande cha jiwe, baina ya hili na lile. Bi Hamdiya akainama, akaufungua ule uzi mweusi kwanza, maana maiti hufunguliwa mafundo ya sanda yake akilazwa, akaziweka nywele ndani ya shimo, akafukia kwa mikono yake. Tukaomba dua. Bi Rahila akaegemea fimbo yake, akajikunja mpaka karibu na udongo, akasema kama anayezungumza na mtu wa chumba cha pili: "Imefika, Bi Hana. Utuwie radhi, jibu limechelewa."

Tulipotaka kuondoka Sayyida hakunyanyuka. Alikuwa kachutama, viganja vyake viwili juu ya makaburi mawili, macho makavu vile vile. Nikamwendea nimshike bega. Bi Hamdiya akanizuia kwa mkono. Akachutama yeye, na magoti yake mabovu yale, ubavuni mwa mwanangu.

"Wa mwanzo alikuwa nazo," akasema.

"Nini, Mama?"

"Nywele. Mie ndiye niliyemwosha. Wote wawili niliwaosha mie." Alikuwa hamtazami, anazungumza na ule udongo. "Alikuwa nazo nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka sikioni. Nilizilaza kwa vidole, zikanyanyuka. Nikazilaza tena, zikanyanyuka. Nikamwambia, wewe ungekuwa mkaidi."

Sayyida aligeuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mwanangu hakuonyeshwa watoto wake. Ndiyo desturi, mama haonyeshwi, moyo wake usije ukaharibika, na mie mwenyewe nilisema wasimwonyeshe.

"Na wa pili?"

"Wa pili hakuwa nazo nyingi. Alikuwa na vidole vyako, virefu virefu. Mikono kaifumba. Nilimfungua kimoja kimoja, nikamwosha ndani, kisha nikamfumba kama alivyokuwa." Akaupapasa udongo kwa mkono wa pili. "Walikuwa wazuri, mwanangu. Sikukwambia, lakini walikuwa wazuri sana."

Hapo ndipo Sayyida alipolia. Alilia kwa sauti, kama mtu anayeita, na sauti ikapiga majabali ikarudi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alilia mpaka jua likazama. Wakati ule lango la Maskati likifungwa usiku, na tulichelewa, basi tukalala Matrah kwa Bi Hamdiya, sote.